Kiapo cha Waya wa Shaba

Orrin Zastrow alikuwa na orodha ndefu ya watu aliowadharau, na orodha hiyo iliongezeka kila mwaka bila kupungua, kwa sababu hata waliokufa hakuwafuta. Aliwadharau watu wa Marl Creek, mji wake mdogo, waliohamia Milwaukee, na aliwadharau zaidi waliorudi. Aliwadharau majirani waliolipa watu kuwakatia nyasi. Alimdharau mchungaji wa Kilutheri kwa kuweka mahubiri yake kwenye video, akisema kwamba Mungu aliyeumba masikio hakukusudia watu wamsikilize wakiwa na chupi. Lakini hao wote walikuwa cha mtoto. Dharau yake halisi, ile aliyoinoa kila asubuhi kabla ya kahawa, aliwawekea watu wanaopiga simu kupitia intaneti.

Sababu alikuwa nayo, na tusimnyime. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa nyaya wa kampuni ya simu. Alikwea nguzo katika baridi ya Wisconsin, ile inayogandisha ute puani, akaunganisha nyuzi za shaba kwa vidole asivyovihisi. Mpaka leo akiendesha gari alikuwa akihesabu nguzo kimoyomoyo. Aliamini kwamba sauti ya mtu ni kitu kizima, kinachosafiri kizima ndani ya shaba, na kwamba kuikatakata vipande na kuvitupa intaneti vijitafutie njia ni utovu wa adabu.

Chini ya nyumba yake, katika chumba cha ardhini, kando ya mashine ya kufulia, kulikuwa na kompyuta kuukuu aliyoiwasha mwaka 1989. Iliunganishwa na modemu, kile kisanduku kinachogeuza herufi kuwa milio na milio kuwa herufi, na modemu iliunganishwa na simu. Ukitaka kuingia, uliiamuru kompyuta yako ipige namba ya Orrin. Modemu mbili zilipigiana makelele kama kuku wanaofukuzwa, kisha maandishi yakaanza kushuka kwenye kioo chako. Ungesoma barua, ungejibu, ungecheza ule mchezo wa kugombea sayari, kisha ungekata ili mwingine naye aingie, maana laini ilikuwa moja tu. Kitu cha namna hiyo wenyewe hukiita ubao. Zamani kila mji ulikuwa na mbao zake, hata ishirini au thelathini. Ukaja mtandao, zikafa kama nzi. Ubao wa Orrin, uliokuwa ukiitwa Nguzo 41, haukufa.

Waliobaki wakiupiga walikuwa kumi na mmoja. Orrin aliwadharau pia, ila kwa upole, kama mtu anavyowadharau jamaa zake. Chester Bohn, mfugaji wa ng'ombe, aliandika barua zisizo na nukta hata moja. Bernadette Thielen, mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye miaka themanini na mmoja, alipiga kwa modemu aliyoinunua mwaka 1986, mashine ya mwendo wa biti 2400 kwa sekunde, wakati modemu za wenzake zilikwenda 33600. Kwa miaka mingi Orrin alimsimanga kwa modemu ile. Alisema Bernadette akianza kusoma barua Jumatatu, atafika kwenye salamu za mwisho Alhamisi. Bernadette alijibu kwamba yeye husoma kwa mwendo huohuo, basi ya nini kukimbia.

Mkewe Orrin, Marlys, alihamia Arizona kwa dada yake miaka tisa iliyopita, akisema anafuata jua. Tangu siku hiyo, kama si ubao ule, simu ya nyumba ile isingelia hata mara moja kwa juma. Orrin hakupenda kuliwaza jambo hilo, lakini alilijua. Usiku wa theluji aliketi kwenye kiti cha plastiki chini kule na kutazama jina la mtu likitokea kwenye kioo, na roho yake ikatulia.

Sasa sikiliza upumbavu wenyewe. Mtu wa kwanza mji mzima kuendesha ubao juu ya simu ya intaneti alikuwa Dale Kubiak, muuza bima, mpwa wake Bernadette, mwanamume wa makamo anayevaa kaptura hata Januari. Mwaka 2012 Dale aliandika makala ndefu ya kuwafundisha wenzake jinsi ya kufanya jambo hilo. Orrin aliisoma yote ili apate kuidharau vizuri. Hatua ya kwanza kabisa katika makala ile ilisema hivi: shusha mwendo wa modemu yako mwenyewe, kwa sababu simu ya intaneti haistahimili mwendo mkubwa, ukikataa kushusha, simu zitakatika. Orrin alicheka peke yake kwa sauti. Mtu anayejipunguza mwendo kwa hiari! Akamfungia Dale asiingie tena Nguzo 41, na juu ya ukurasa wa kukaribisha, mahali ambapo kila mpigaji angepaona, akaandika kiapo:

HAPA NI WAYA WA SHABA TU. SIKU UBAO HUU UTAKAPOPITA KWENYE INTANETI, NITAUZIMA KWA MKONO WANGU MWENYEWE. ORRIN ZASTROW.

Wapigaji walikizoea kiapo kile kama mtu anavyozoea ufa ukutani. Yeye mwenyewe alikisoma kila siku, na kila siku kilimpendeza.

Mwezi wa pili mwaka huu ikaja barua ya kampuni ya simu. Nyaya za shaba za upande wake wa mji zingeondolewa tarehe tatu Machi. Orrin alipiga simu akamweleza mwanamke aliyepokea kwamba waya ule aliuvuta yeye, kwa mikono hii, mwaka 1984, na mvua ilikuwa ikinyesha. Mwanamke alimshukuru kwa utumishi wake, kwa sauti ya kumshukuru askari, kisha akamrudia tarehe ileile. Orrin alikata simu akakaa jikoni na kahawa mpaka ikapoa.

Njia zilikuwa mbili, na zote zilimtazama. Angeuzima ubao kama alivyoapa, akabaki mtu wa neno lake katika nyumba isiyopigiwa simu. Au angevunja kiapo, na watu kumi na mmoja wakajua kwamba Orrin Zastrow hana tofauti na Dale Kubiak, ila kwa suruali ndefu. Mtu mwenye busara angesema ukweli na kuomba radhi. Orrin aliwadharau watu wanaoomba radhi, basi akachagua njia ya tatu, ambayo waongo wote hudhani wameigundua wao.

Aliendesha gari mpaka Green Bay, mahali asipojulikana, akanunua kisanduku cha simu ya intaneti chenye ukubwa wa sabuni ya kipande. Akaihamisha namba yake ileile, akakificha kisanduku nyuma ya tangi la maji ya moto, akakifunika kwa taulo. Kisha, usicheke, akaifungua makala ya Dale na kuifuata neno kwa neno. Alizima kile kinachofuta mwangwi. Alizima kile kinachokata ukimya. Alichagua namna ya kupeleka sauti isiyoibana. Alifanya hatua ya pili, ya tatu, mpaka ya tisa. Hatua ya kwanza hakuifanya. Kuishusha modemu yake kungekuwa kumkubali Dale, na hilo, hata chini ya nyumba yake mwenyewe, mbele ya mashine ya kufulia, hakuwa tayari kulifanya.

Bila shaka simu zikakatika. Modemu zilianza kwa 33600 kwa mbwembwe, vipande vya sauti vikachelewa huko intaneti, zikapigizana kelele upya, zikashuka, zikapanda tena, na baada ya dakika nne kimya. Chester alikatwa mara tatu katika jioni moja, akaandika barua isiyo na nukta akiuliza laini ya Orrin ina nini. Orrin akamjibu mbele ya wote kwamba maji yameingia kwenye kiungio karibu na makaburi, jambo analolijua mtu aliyefanya kazi, na kwamba ng'ombe wa Chester nao si wa kuaminiwa karibu na nyaya. Mtu mwingine alipolalamika, Orrin alisingizia sungura kutafuna waya. Alikuwa na uongo wa kitaalamu wa kutosha miaka kumi.

Tatizo moja lilibaki. Katika Nguzo 41, kama kwenye mbao zote, kila mpigaji akiingia huoneshwa orodha ya wapigaji kumi wa mwisho: jina, mji, na mwendo ambao modemu zao zilikubaliana. Ile orodha ilianza kuonesha 9600, 4800, namba za aibu zinazopiga kelele kwamba hapa si shaba. Orrin akaingia ndani ya programu akaandika mstari mmoja. Tangu hapo, apigaye yeyote, kwa mwendo wowote, orodha ilimwandika 33600. Ilimchukua dakika tano. Alijisifu kwa hizo dakika tano mwezi mzima.

Katikati ya Aprili likatokea jambo la ajabu. Simu ziliacha kukatika. Chester alikaa dakika arobaini akilalamika juu ya bei ya maziwa na hakukatwa. Wote wakaanza kukaa. Orrin alikuwa amegusa kitu fulani kwenye kisanduku siku moja kabla, akasadiki kwamba ndicho kilichoponya, na dharau yake, ambayo kwa majuma kadhaa ilikuwa imeinamisha kichwa, ikanyanyuka ikiwa imenona. Dale alisema haiwezekani bila kushusha mwendo! Fundi wa kweli angewezaje kushindwa na kisanduku cha sabuni? Na wale kumi na mmoja, vipofu wale, walikuwa wakipita intaneti usiku na mchana na hawakuwa na habari. Alianza kuwahurumia kwa kuwa wajinga hivyo. Hiyo ndiyo dharau mbaya kuliko zote, maana hujiona ni wema.

Juni ubao ulitimiza miaka thelathini na mitano. Chester akapendekeza wakutane Ijumaa, saa kumi na moja jioni, kwenye mkahawa wa Haase kando ya barabara kuu, kwa samaki wa Ijumaa, kama ilivyo desturi ya huko. Wakaja tisa. Jua lilikuwa bado kali, na meza ndefu ilijaa samaki wa kukaanga, viazi vya kusaga, kabichi, mkate mweusi, na glasi za brandi tamu yenye cheri. Bernadette macho yake hayamruhusu tena kuendesha gari, basi aliletwa na mpwa wake. Dale aliingia na kaptura yake, akasalimia kila mtu, akakaa mwisho wa meza karibu na mlango wa choo, kama mtu anayejua amekuja kwa kazi ya udereva.

"Na huyu amealikwa na nani?" Orrin aliuliza.

"Na gari langu," Bernadette akasema. "Kaa ule, Orrin."

Orrin hakukaa. Alikuwa tayari na glasi yake ya pili, na hotuba aliyoifanyia mazoezi mbele ya mashine ya kufulia. Alizungumza juu ya nguzo na barafu. Alizungumza juu ya mbao zilizokufa na jinsi wenyewe walivyostahili kufa. Kisha akamgeukia Dale waziwazi, akasema wapo watu waliochukua kazi ya wanaume wakaitia kwenye kisanduku cha sabuni, wakajiita wenzetu. Kwamba yeye asingependa kuwa na mashine inayotambaa ili isianguke. Na kwamba katika Nguzo 41 sauti bado husafiri nzima.

"Shaba haidanganyi," alimalizia. "Tazameni orodha yenyewe. Kila mmoja wenu, elfu thelathini na tatu na mia sita. Kila mmoja. Niambieni ni nani mwingine nchi hii anayeweza kusema hivyo."

Chester alikohoa akainamia sahani yake. Mtu wa pili kutoka kwake alikuna sikio. Kisha mtu mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata, makofi mengi, marefu kidogo kuliko yanavyohitajika. Dale naye alipiga. Orrin alikaa, uso ukimwaka kwa furaha, akavuta sahani. Alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka mbele ya watu tisa na kilimkaa sawasawa.

Bernadette, aliyekuwa ameketi kulia kwake, alikuwa akitoa miiba kwenye samaki wake bila haraka. Alizungumza chini kwa chini, wengine wasisikie.

"Orrin, unakumbuka modemu yangu?"

"Takataka ile nitaisahauje, mama."

"Inakwenda ngapi?"

"Elfu mbili na mia nne. Ikiwa na upepo kwa nyuma."

"Inaweza kwenda zaidi?"

"Haiwezi. Hata ukiipiga teke. Haikutengenezwa..." Uma wa Orrin ulibaki hewani.

"Kwenye orodha yako mimi nakwenda elfu thelathini na tatu na mia sita," Bernadette akasema. "Tangu Machi. Mara kumi na nne ya mwendo wangu. Miaka thelathini umenisimanga kwa ukonokono, halafu juma moja tu nimekuwa farasi."

Damu ilimpanda Orrin mpaka kwenye ngozi ya kichwa. Alitaka kusema ni hitilafu ya programu, na akaanza kusema, lakini mwalimu wa hesabu hakumpa nafasi.

"Si hitilafu. Hitilafu haina kiburi. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa sifuri, wala si kwa kudanganya. Wote hudanganya. Ningekupa sifuri kwa kutohakiki jibu lako."

Mtu aliyemdhihaki mwenzake kwa kitu kimoja kwa miaka thelathini alikuwa amekisahau kitu hichohicho siku aliyokihitaji. Orrin alitazama meza. Chester alikuwa akimpitishia jirani yake siagi kwa uangalifu mkubwa mno, kama mtu asiyetaka kutazama upande fulani.

"Nani mwingine anajua?"

"Wote."

"Tangu lini?"

"Chester aliiona orodha siku ileile ya kwanza. Akanipigia akaniuliza kama nimenunua modemu mpya. Tukajumlisha na simu zinazokatika, jibu likawa intaneti."

Swali lililofuata Orrin hakupenda kuliuliza, lakini lilitoka lenyewe. "Na hamkunicheka?"

"Tulikucheka sana," Bernadette akasema. "Chester alicheka mpaka akamwaga kahawa. Mimi nilicheka nikiwa kanisani. Kisha tukaendelea kupiga."

Kama wangemtukana angejua la kufanya. Matusi alikuwa nayo ya kujibia. Akajaribu kushika kitu kimoja kilichobaki.

"Lakini nilikitengeneza," alisema. "Simu zilikuwa zinakatika, nikakitengeneza mwenyewe. Aprili."

Bernadette aliweka mwiba pembeni ya sahani, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu waanze kuzungumza. Alikuwa na uso wa mtu anayejua kwamba hili litauma, na kwamba litasemwa.

"Aprili Dale alipita nyumba kwa nyumba. Jumamosi mbili. Ameshusha mwendo wa mashine kumi, mpaka ya Chester kule zizini. Yangu tu haikuhitaji."

Mwisho wa meza Dale alikuwa akichovya mkate kwenye mchuzi, magoti yake wazi, akimsikiliza mke wa mpigaji mmoja akielezea upasuaji wa nyonga. Hakugeuka.

"Kwa nini hakuniambia mimi?" Orrin aliuliza. "Ni mstari mmoja tu. Ningeshusha yangu."

"Nilimwuliza. Alisema ukiambiwa ushushe utapandisha."

Orrin alimaliza samaki wake kwa sababu Bernadette alikuwa akimtazama. Alipokuwa akiondoka alipita karibu na Dale. Dale akamwambia, "Hongera, mzee Zastrow, miaka thelathini na mitano si mchezo," na hakukuwa na kijembe ndani yake. Orrin alikitafuta kijembe hicho njia nzima mpaka nyumbani, akihesabu nguzo na kukosea hesabu, na hakukipata.

Saa moja kasoro alikuwa chini ya nyumba. Jua la Juni liliingia kwa dirisha dogo la juu likaangukia kompyuta. Kiapo kilikuwa kwenye kioo, na chini yake orodha, watu kumi, wote farasi. Orrin aliweka kidole kwenye swichi.

Angeweza kuizima. Alikaa na kidole pale muda mrefu akiupima uzuri wa jambo hilo. Kesho kumi na mmoja wangepiga, modemu isingejibu, wangesema: mzee ametimiza neno lake. Angekuwa ameshinda. Kisha ingekuja Jumapili, na Jumatatu, na simu isingelia, na angeketi juu kule jikoni na ushindi wake akiutazama. Alijaribu kutafuta mtu wa kumdharau ili apate nguvu. Alipita kwenye orodha yake yote, ndefu ile, Milwaukee, mchungaji, majirani, Chester, Dale na magoti yake, na kila aliyemgusa aliteleza mkononi. Mtu aliyesamehewa na watu anaowadharau hana pa kuuweka uso. Alibaki mmoja tu wa kudharauliwa, naye alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na doa la siagi kwenye tai. Orrin aliona haya. Aliona haya peke yake, kwa sauti, akiguna kama mtu anayeng'olewa jino.

Akaondoa kidole kwenye swichi akakiweka kwenye kibodi.

Kwanza aliufuta ule mstari wa dakika tano. Kisha akaiandikia modemu yake amri ya kushusha mwendo, hatua ya kwanza, herufi chache tu, zilizomchukua miaka kumi na miwili. Kisha akafungua faili la waliofungiwa. Lilikuwa na majina kumi na saba, nusu yao wameshakufa. Alilitoa moja. Mwishowe akafuta kiapo, na mahali pake, baada ya kuandika na kufuta mara sita, akiwa amekasirika na kila neno, akaacha haya:

UBAO HUU UNAPITA KWENYE INTANETI TANGU MACHI. MODEMU IMESHUSHWA MWENDO KAMA ALIVYOANDIKA DALE KUBIAK. MWENYE UBAO NI MWONGO. ENDELEENI KUPIGA.

Sentensi ya mwisho alitaka kuifuta pia, kwa kuwa ilifanana na kuomba. Kabla hajaifuta simu ililia. Modemu ikapokea, zikaanza zile kelele za kuku, fupi safari hii, bila mbwembwe, zikakubaliana mara moja. Orrin aliondoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani. Maandishi yakaanza kushuka, mstari kwa mstari, kwa mwendo wa mtu anayesoma. Yalipofika mwisho yalisimama yakisubiri mpigaji abonyeze kitufe, na mpigaji hakubonyeza. Dakika nzima ikapita. Orrin aliisikia mashine ya kufulia ikidondosha maji. Hakuwa ameogopa hivyo hata juu ya nguzo.

Kisha kitufe kikabonyezwa, na orodha ikafunguka upya, ikiwa na jina moja jipya juu ya mengine tisa: Bernadette Thielen, Marl Creek, 2400.